Goti la Meneja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari wa mifugo amesema ni pia ya goti. Mguu wa nyuma, wa kushoto. Kile kifupa cha duara kilichokaa mbele ya goti hakitulii kwenye mfereji wake. Kinachomoka, kinahamia upande wa ndani, kisha kinarudi chenyewe. Ndiyo maana Meneja hutembea hatua nne, akaukunja mguu mmoja, akarukaruka kwa mitatu, akaunyoosha ule mmoja nyuma kama mtu anayekung'uta suruali, halafu akaendelea na safari. Mimi nilidhani ni madaha.

Meneja ni mbwa. Kilo tatu na gramu mia tisa, rangi ya chai ya maziwa, umri miaka mitano. Mke wangu ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu hakuna mgeni anayeingia nyumba yetu bila kukaguliwa naye mlangoni, viatu kwanza.

Daktari ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Alieleza kwamba ugonjwa huu una ngazi nne. Meneja yuko ya pili. Ngazi ya pili hutunzwa nyumbani. Kuanzia ya tatu ni kisu. Akahesabu kwa vidole: apunguzwe nusu kilo. Asiruke kupanda wala kushuka kwenye kochi. Kucha na nywele za chini ya nyayo zikatwe. Atembezwe kwa kamba, polepole, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, misuli ya paja ikaze. Na kubwa kuliko yote, asikanyage sakafu inayoteleza.

Akauliza nyumbani tuna sakafu gani.

Nikasema ya kawaida.

Mke wangu akasema, "Daktari, huyu ni fundi wa kung'arisha sakafu. Kwetu mtu ananyoa ndevu akitazama chini."

Daktari akacheka. Sikucheka. Ni kweli, na imenichukua miaka kumi na minane kufika hapo. Sina duka wala bango. Sampuli yangu ni sebule. Mteja anakuja, anavua viatu, anatazama chini, anajiona. Maneno yameisha.

Agizo: mazulia kila anapopita mbwa. Turudi tarehe 24. Pia ya goti ikiwa imeanza kuchomoka na kukaa huko huko nje, Meneja atapasuliwa.

Njiani mke wangu alisema jambo moja tu. Meneja akipasuliwa kwa ajili ya sakafu yangu, yeye na Meneja wanahamia kwa dada yake, ambako sakafu ni ya mbao chakavu na hakuna anayejivunia. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeitafakari hali kwa utulivu. Kuna vizuizi viwili.

Kwanza, jirani. Tunatenganishwa na ukuta mmoja. Anauza mazulia. Miaka sita iliyopita, mbele ya mtaa mzima, nilitamka kwamba siku zulia litakapoingia nyumba yangu, mimi natoka. Alitoa kalamu ya wino, akaandika tarehe ukutani kwake. Ipo mpaka leo. Huwaonyesha wateja.

Pili, Matroni. Ndiye msimamizi wa nyumba ya wazee. Ukumbi mmoja na korido tatu. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuigusa. Anakuja Jumamosi ya tarehe 15, saa nne asubuhi, kuiona sampuli. Mtu hawezi kuona sakafu iliyolalishiwa zulia.

Kwa hiyo nimekata kauli. Sakafu haibadiliki. Atabadilika mbwa.

Mpango wa kwanza: soksi. Za mtoto mchanga, sufi, jozi mbili, za kijani. Mke wangu ameuliza nani kazaa. Nimemwambia asubiri matokeo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Matokeo ya soksi.

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kuvalisha. Dakika kumi na saba, na kidole kimoja kung'atwa (changu). Saa mbili na dakika tano, Meneja alisikia mtu wa maziwa akigonga, akaondoka kwa kasi ya kawaida. Alifika mlangoni kwa ubavu. Akapita mlango. Akasimamishwa na kabati.

Nilikagua njia aliyopita. Lazima niseme ukweli: ilikuwa inang'aa kuliko sehemu nyingine. Sufi na nta ni ndugu. Mbwa mwenye soksi nne ni kitambaa cha kusugulia chenye mapafu.

Mke wangu alizivua soksi, akazitia mfukoni. Alipofika jikoni nilimsikia akimwambia Meneja kwamba baba yake si mtu mbaya, ila akili yake imepakwa nta.

Jambo la kufurahisha: mguu haukuchomoka. Nimeliandika kama nusu ya ushindi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mpango wa pili: raba.

Fundi baiskeli alinipa tyubu kuukuu. Nilikata vipande vya duara, nikavishona chini ya soksi zile zile, nilizozichomoa mfukoni alikozitia mke wangu, kila mguu vipande vitano, kwa mpangilio wa nyayo. Kazi safi. Fundi baiskeli alizitazama akasema mbwa wangu sasa hapati pancha. Watu wa mtaa huu hawajui kazi nzito inapoonekana mbele yao.

Jaribio saa tisa alasiri. Meneja alivalishwa, akawekwa katikati ya sebule. Hakuteleza. Hakusogea pia. Alisimama kama stuli. Dakika tano. Dakika kumi na mbili. Jicho tu ndilo lililonifuata.

Mke wangu alipita na ndoo, akamzunguka, akaniuliza kama huyo bado ni mbwa au nimeshamwingiza kwenye fanicha. Nikamweleza kwamba Daktari aliagiza utulivu. Akasema Daktari aliagiza atembezwe.

Nilitoa kipande cha nyama. Meneja akapiga hatua. Kipande kingine, hatua nyingine. Kwa mwendo huo alivuka sebule kwa miguu minne, bila kuruka hata mara moja. Vipande kumi na vinne.

Nimeona mwanga. Kesho asubuhi na jioni. Mke wangu asijue. Ana kikombe chake cha kupimia chakula, na anakiheshimu kupita kiasi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mizani ya jikoni. Kilo nne na gramu hamsini.

Ameongezeka. Mke wangu alimpima mara tatu. Alimshusha, akamfuta, akampandisha tena, kama vile uzito ni vumbi. Kisha akanitolea macho. Anampa kikombe kimoja, robo tatu asubuhi na robo jioni. Hampi kingine. Kingine anampa nani?

Niliweka uso wa mtu anayefikiri. Kisha nikasema nina wasiwasi na jirani.

Haikuwa uongo mtupu. Nimegundua kwamba kila siku, saa kumi jioni, mke wangu akitoka na Meneja kwa zile dakika kumi za kamba, hawaelekei barabarani. Wanapinda kushoto. Kushoto kuna mlango mmoja tu.

Wananilia njama. Mzigo mzima wa gramu mia moja na hamsini siwezi kuubeba peke yangu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimefanya uchunguzi.

Saa kumi kasoro dakika tano niliingia dukani kwa jirani kupitia nyuma, alipokuwa akimhudumia mteja. Nikajibanza nyuma ya zulia lililotundikwa kutoka darini. Rangi ya damu ya mzee. Lilinuka kondoo.

Saa kumi kamili mke wangu akaingia na Meneja. Nilichokiona nakiandika kama kilivyokuwa.

Meneja alitembea kwa miguu minne. Hakuruka. Hakukung'uta. Jirani alikuwa amepanga sakafuni roli sita nyembamba za mazulia, umbali wa hatua moja moja, na Meneja alizivuka moja baada ya nyingine, akinyanyua mguu wa kushoto juu kabisa kama askari wa gwaride. Kisha akapanda mteremko mfupi uliotengenezwa kwa mabaki ya mazulia, akashuka, akakaa, akasimama, akakaa, akasimama. Mke wangu alishika kamba. Jirani alihesabu kwa sauti: "Tisa, Meneja! Kumi, mama! Usiniangushe, kumi na moja!" Alikuwa na maelekezo ya Daktari, karatasi nzima, ameibandika karibu na ile tarehe yangu ya ukutani.

Hakumpa chakula. Hata punje.

Hapo jirani akasema, bila kugeuka, "Jirani, hilo ni la sebuleni. Futi kumi kwa kumi na mbili. Naona limekupenda."

Zulia lilikuwa fupi. Viatu vyangu vilionekana.

Nilitoka. Nilijikaza kisabuni, nikasema nilikuwa natazama ubora wa ushonaji. Jirani akasema nisiwe na haraka, wateja wengine hulikumbatia kabla ya kununua. Mke wangu hakucheka. Aliuliza, kwa sauti ya karani wa mahakama, kama nimekuja kumkamata mtu anayemnenepesha mbwa.

Meneja ndiye aliyejibu. Alinijia moja kwa moja, akakaa mbele ya mfuko wangu wa kulia, akaunyooshea pua, akaganda. Hakutazama kingine.

Vilikuwemo vipande sita.

"Fundi," mke wangu akasema. Siku za kawaida huniita baba. Akiniita Fundi najua mambo yamekwenda kombo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Masharti mapya. Nyama marufuku. Soksi za raba zimepewa mtoto wa mpangaji wa ghorofani kuchezea. Jirani ametoa mabaki ya mazulia, vipande tisa, rangi tisa. Mke wangu ameyalaza tangu asubuhi: kutoka chumba cha kulala hadi koridoni, korido hadi sebuleni, sebule hadi bakuli la maji. Amebandika kila kipande kwa utepe wa gundi. Sakafu yangu inaonekana kama suruali yenye viraka.

Nilimkumbusha kuhusu Matroni. Akasema Matroni ana macho, ataona sakafu pembeni. Nikasema sampuli haitazamwi pembeni. Akasema hilo nimwambie Meneja.

Mke wangu ni karani wa posta. Kesho Jumamosi atakuwa kazini hadi saa saba.

Alasiri alipokwenda dukani nililala chini kifudifudi, shavu kwenye terazo, ile sakafu yangu ya saruji na kokoto, karibu na Meneja. Nilitaka kuona anachokiona. Nakiri kilinishtua. Ukiwa kimo cha sentimita ishirini, sakafu ile si sakafu. Ni mwanga mtupu, kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna mahali pa kushika. Meneja alikuwa kwenye kiraka chake, makucha yameng'ang'ania nyuzi, ananitazama kama mtu aliye ukingoni anavyomtazama mtu aliyeingia majini. Nililala vile muda mrefu.

Ndipo nilipoona, upande wa dirisha, mstari wa upana wa kidole ambao nta haikushika. Ukisimama hauonekani kabisa! Nimeupiga mkono mmoja zaidi wa nta. Halafu, ili rangi zilingane, sebule yote. Na korido.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Naandika kwa utaratibu wa saa.

Saa mbili, mke wangu ameondoka. Ameniambia viraka visiguswe. Nimeitikia.

Saa tatu, nimebandua viraka. Kwa saa moja tu. Nilivipa namba nyuma ili nivirudishe kama vilivyokuwa. Meneja nimemweka kitandani chumbani, mito pande zote, mlango nimeurudisha.

Saa tatu na nusu, nimevaa ndala zangu za kazi, zenye soli ya sufi, nikasugua mara ya mwisho kinyumenyume hadi mlangoni. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilikuwa nasimama juu ya mtu mwingine, miguu kwa miguu, anayenitazama kwa heshima.

Saa nne kamili, kengele. Matroni ni mtu wa saa.

Nilifungua. Mama wa makamo, mrefu, mtandio wa kijivu, viatu vya kamba. Alivua bila kuambiwa. Akatazama chini. Akasema, taratibu, "Haa." Niliisikia kazi ikiingia mfukoni: ukumbi, korido ya kwanza, korido ya pili.

Kisha nikasikia kucha.

Mlango wa chumbani niliurudisha, sikuufunga. Mgeni alikuwa ameingia bila kukaguliwa. Hilo Meneja hawezi kulivumilia, hata angewekewa mito hamsini. Alikuwa amesharuka kitandani. Alitokeza mwisho wa korido, mita sita, masikio juu, na akaja.

Mita mbili za kwanza alikimbia. Ya tatu miguu ya nyuma ilimpita. Nilijirusha kumdaka, nikiwa nimesahau ndala. Tulipishana. Mimi nilikwenda upande wa chumbani kwa tumbo, yeye akaja upande wa mgeni kwa ubavu, akizunguka. Alikomea kwenye vidole vya Matroni.

Alilia mara moja tu. Sauti ndogo, fupi. Kisha akajaribu kusimama, na mguu wa kushoto haukushuka. Ulibaki umekunjwa, goti limegeukia ndani. Nilisubiri akung'ute. Hakukung'uta.

Nilitambaa hadi pale. Niliupeleka mkono ili nikirudishe kile kifupa. Matroni aliupiga kofi. Alisema alikuwa muuguzi miaka thelathini na goti halisukumwi na mtu aliyelala kifudifudi. Alimzungushia mtandio wake, mguu ukabaki ulivyo, akamnyanyua kama yai. Akaniambia nivae viatu vya binadamu. Gari lake liko nje.

Njiani Meneja alitetemeka. Nilimshika kichwa.

Matroni ndiye aliyezungumza. Macho yake hayakutoka barabarani. Alisema sakafu yangu ni nzuri kuliko zote alizoziona maishani mwake. Akasema ana wazee arobaini. Akasema, "Hayo ni magoti themanini, Fundi. Kasoro matatu. Na hawana hata kucha za kushikia."

Nikauliza kama huo ni uamuzi wa mwisho.

Aliongeza mwendo.

Daktari alimchoma Meneja sindano ya usingizi, akakirudisha kifupa mahali pake. Kilikwenda. Goti limevimba. Alisema hatakata leo; atasubiri tarehe 24. Kikichomoka tena na kukaa nje, hakuna mjadala. Akatoa dawa ya maumivu ya siku tano, akasisitiza ya binadamu asipewe kamwe. Akauliza sakafu ile ile? Nikasema ile ile.

Mke wangu alifika kutoka posta akiwa bado na beji kifuani. Nilikuwa nimetayarisha maelezo yenye sehemu tatu. Aliyasikiliza yote. Kisha akamchukua Meneja, akapita nyumbani, akafungasha mkoba mmoja, akachukua kikombe cha kupimia, akaenda kwa dada yake.

Hakuniita Fundi. Hakuniita chochote.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nyumba imetulia. Sakafu haina alama hata moja.

Saa nne mtu wa maziwa alikuja, akaingia hadi jikoni. Hakuna aliyemkagua. Alisimama mlangoni akatazama chini kila upande, akauliza bosi yuko wapi. Nikasema ana likizo ya ugonjwa. Akasema pole, na akaondoka taratibu, kama mtu anayetoka msibani.

Nimepiga simu kwa shemeji yangu, dada wa mke wangu. Alisema mgonjwa amekula, amelala, anatembea kwa mitatu. Mke wangu hakuweza kuja kwenye simu. Nilimsikia akisema hawezi kuja kwenye simu.

Nimeketi kwenye kochi tangu hapo. Nimejitazama sakafuni. Ni mtu mmoja, nimemchoka.

Saa tisa nimekwenda kwa jirani. Kwa mlango wa mbele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli, hata nimeshapanga majibu. Hakunikejeli. Alisimama, akasogeza kiti. Alisema amesikia, na kwamba jana saa kumi alipanga zile roli sita kwa mazoea, akazitazama, akazikunja tena.

Nikamwambia nataka zulia. Ukuta hadi ukuta. Sebule, korido, chumbani. Lenye nyuzi fupi, ili kucha zisinase.

Aliandika vipimo bila kunitazama. Hajawahi kupima kwangu, lakini alivijua vyote. Aliniuliza swali moja: nilikuwa nimesema siku hiyo ikifika nitafanyaje vile?

Nikasema nitatoka.

Akasema basi kesho saa mbili nivae koti, kuna baridi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Zulia limeingia saa mbili na dakika kumi. Mimi nimetoka saa mbili na dakika kumi. Neno langu ni neno.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, nimevaa koti. Mtaa wote ulijitokeza. Fundi baiskeli aliniletea stuli. Mpangaji wa ghorofani alichungulia dirishani akaniuliza kama natoka moja kwa moja au narudi kula. Jirani alipita na roli begani, akanipungia mkono kwa adabu. Baadaye alifika ukutani kwake na kalamu ile ile, akaandika tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza. Watu walipiga makofi.

Nilirudi ndani saa kumi na moja jioni. Rangi ya udongo. Nilitembea kutoka mlangoni hadi chumbani na sikusikia hatua zangu. Ni kama kutembea ndani ya mdomo wa mtu.

Nimemwomba jirani asiligundishe kingo za upande wa dirisha. Nimemwambia terazo lazima ipumue. Amegundisha.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Wamerudi.

Mke wangu alisimama mlangoni, akamweka Meneja chini, akaachia kamba. Meneja alinusa nyuzi. Akatanguliza mguu wa mbele, akasubiri. Hakikutokea kitu. Akapiga hatua. Mitatu, mitatu, mitatu, halafu katikati ya sebule wa nne ukashuka. Aliukanyagia kidogo, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Ukakaa.

Alikuja hadi kwangu. Akakagua viatu. Akakagua mfuko wa kulia. Ulikuwa mtupu. Akalala juu ya mguu wangu.

Mke wangu aliniuliza nina nini machoni. Nikasema nyuzi za zulia jipya. Akasema, "Haya, baba." Akaenda kuweka maji ya chai.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Siku ya Daktari. Tulifika saa tatu.

Mizani: kilo tatu na gramu mia saba. Daktari alimlaza Meneja ubavu, akaushika mguu kwa ile mikono yake, akakunja, akanyoosha, akasukuma kifupa kwa dole gumba. Kilisogea. Kikarudi. Akasukuma tena. Kikarudi tena. Mke wangu alikuwa ameushika mkono wangu na sikuwa nimejua.

Daktari alisema ngazi ya pili, imara. Hakuna kisu. Kupasua kwa sasa tusahau. Zulia, kamba, kikombe, na zile roli za jirani, maisha yake yote. Alinigeukia akasema ninastahili pongezi, si kila mtu anayekubali kuificha kazi ya mikono yake.

Niliinamisha kichwa. Ninajua kupokea sifa.

Kisha akamtaka mke wangu abaki ajifunze namna ya kuukanda msuli wa paja. Nusu saa. Chumba ni kidogo. Mimi nisubiri nje.

Chumba cha kusubiria kilikuwa kitupu. Karani alikuwa ametoka kunywa chai. Niliketi. Nilitaka kumshukuru Daktari kwa kitu cha maana, kitu cha kudumu. Nikatazama chini.

Terazo! Ya zamani, kokoto ndogo ndogo za kijivu na nyeusi, kazi ya fundi wa kweli, na juu yake utando wa miaka mingi ya dawa ya kuua vijidudu. Imekufa kabisa. Moyo uliniuma. Kwenye mkoba nilikuwa na kopo dogo la nta, la dharura, na kitambaa.

Nilianza mlangoni, nikaenda hadi kwenye meza ya karani. Mita nne kwa moja na nusu. Mikono miwili ya nta. Dakika ishirini na mbili. Jua lilipoingia dirishani, kokoto ziliamka kila moja mahali pake, na nikamwona mtu yule tena, miguu kwa miguu. Tulisalimiana.

Ndipo akaingia mama mmoja na mbwa mdogo mweupe, amemfunga kamba nyekundu. Walikuja kwa chanjo. Mbwa alipita mlangoni kwa miguu minne. Nilihesabu. Alipofika kwenye meza ya karani alikuwa anatumia mitatu.

Mama yule alishtuka. Aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa peke yangu pale, mwanawe amepatwa na nini ghafla hivi.

Nilimwambia asiwe na hofu. Nikamweleza habari ya pia ya goti, mfereji na zile ngazi nne. Alinisikiliza kwa makini sana, akauliza husababishwa na nini. Nikamwambia kwamba kwa uzoefu wangu ni uzito, ampunguzie nyama.